Gauni Kwenye Tangazo

Walikutana duka la vitambaa, siku bei zimeshushwa, watu wanasukumana mpaka mlangoni. Dalali, shati jeupe limenyooka, alilikanyaga jora la satini la Fundi.

"Wewe, macho umeyaweka rehani?"

"Yamebaki kwako, dada, ndiyo maana sioni njia."

Fundi alinuna, halafu akacheka. Miezi minane baadaye walikuwa wachumba, na Dalali kapata kazi mji mwingine. Fundi akakubali kuuza duka lake la kushona ili wafuatane.

"Lakini kwa siri, mpenzi. Wateja wakijua, watachukua vitambaa vyao. Mafundi wangu nao watahama. Mnunuzi atanunua nini, kuta?"

"Niachie mimi, malkia wangu. Jina sitaji, mtaa sitaji, namba naweka yangu."

Kweli, hakutaja. Ila kwenye tangazo la mtandaoni aliweka picha ya ndani ya duka, na katikati ya picha kuna gauni la harusi, shanga za kijani mgongo mzima. Nani mwingine ana gauni kama lile?

Mwenye gauni aliingia asubuhi na mama yake, tangazo liko wazi kwenye simu.

"Harusi yangu Jumamosi, wewe unauza duka? Nipe gauni langu!"

"Halijaisha, mdogo wangu, pindo bado..."

"Nipe hivyo hivyo!"

Maneno yakasambaa. Kufika mchana kabati limebaki hanga tupu, na mafundi wawili wameondoka bila hata kuaga.

Fundi akampigia Dalali simu.

"Haloo, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Ile picha ulimwonyesha nani kabla ya kuiweka?"

"Nilidhani nguo ni nguo tu."

"Kila nguo humu ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mdomo! Kuniuliza tu kulikushinda? Usinipigie!"

Kesho yake Dalali akaja mwenyewe, shati limekunjamana, gauni mikononi.

"Nimekwenda kwao, nikasema kosa ni langu. Mama mtu kanitukana, nikameza. Wanataka ulimalize. Tangazo nimelifuta. Na kazi nimeiacha, siondoki nikakuachia duka limekufa."

Fundi akalipokea gauni, akakaa kwenye cherehani, akatunga uzi. Hakumtazama.

"Umenisamehe, mama?"

"Mchumba nimemsamehe," akasema, bado kakunja uso. "Dalali asikanyage tena hapa."