Birika Lililoonewa Haya

Mama Wuryani alikuwa mtu wa haya. Katika uchochoro wao mjini Semarang, nchini Indonesia, haya yake ilikuwa na sifa kuliko pilipili za sokoni. Ilisemekana aliwahi kukanyagwa mguu na baiskeli ya kubeba abiria. Akamwomba dereva radhi kwa kuuacha mguu wake njiani. Wengine waliongeza kwamba alimpa na chai, na muda wote huo gurudumu lilikuwa bado limekaa juu ya mguu. Hilo la mwisho limetiwa chumvi. Lakini si nyingi.

Aliishi na mumewe, Mzee Darsono, na mjukuu wao Ratri, ambaye alikuwa hajaanza shule. Mama yake Ratri alifanya kazi kiwandani katika kisiwa cha Batam. "Nitunzie mwanangu, mama," alisema siku ya kuondoka. Maneno hayo Mama Wuryani aliyabeba kila mahali, kama mtu aliyeshika yai kiganjani.

Kila alfajiri alipika vitamu vya kuuza. Vilikuwa vidonge vya kijani vya unga wa mchele, vyenye sukari ya mnazi tumboni, vimeviringishwa kwenye nazi. Kazi hiyo ya kuinama ilimvunja kiuno. Ndipo akatafuta mtu wa kumsaidia usafi wa nyumba.

Akapatikana Tiurma. Tiurma alikuwa Mbataki, mtu wa milimani kando ya ziwa Toba, mbali kule Sumatra. Mumewe aliziba pancha pale barabara kuu. Watu wa kwao husema wazi, tena kwa sauti. Tiurma akisema "habari za asubuhi" jikoni, njiwa wa Mzee Darsono kule kibarazani alikaza kucha asianguke kijitini.

Siku ya kwanza Mama Wuryani alimtembeza nyumba nzima. Wakafika bafuni. Humo mlikuwa na birika la kuogea, lile la kujengewa pembeni kwa vigae, maji yake yakimfika mtoto kifuani. Watu huchota kwa kata wakajimwagia.

"Na hili birika, dada," Mama Wuryani alisema kwa upole, "ah, usijisumbue nalo. Ni kubwa, litakuchosha bure."

Sasa, mtu yeyote wa Semarang anajua kinachofuata hapo. Mgeni husema, "Hapana, Mama, si kitu." Mwenyeji husema, "Jamani, nitakutesa." Mgeni husema, "Wala, nitalisugua tu." Basi kazi imeshapangwa, na hakuna aliyemwamuru mwenzake.

Tiurma akasema, "Sawa, Mama. Asante sana!"

Akafunga mlango wa bafu.

Mama Wuryani alibaki mdomo wazi kidogo. Halafu tui likafurika jikoni, akakimbia kuliokoa. Lile neno la bafuni akalisahau. Maneno ya heshima hayawekwi akiba.

Tiurma hakuwa mvivu. Sakafu iling'aa hata paka wa nyumba akawa anapigana na paka mwenzake aliyemwona chini. Masufuria yalimeta. Madirisha yalikuwa safi mno, nzi wakajigonga. Ila birika halikuguswa. Tiurma alifagia bafu, akasugua choo, akaweka kata mahali pake, akatoka.

Kuta za birika zikaota utelezi. Mama Wuryani aliugusa kwa kidole asubuhi. Akaugusa tena mchana. Alikaa, akainuka. Alianza kukuna nazi, akaiacha, akaenda bafuni kutazama tena, kama vile utelezi ungeona haya na kuondoka wenyewe.

Alijaribu kulisugua mwenyewe. Kiuno kikagoma akiwa ameinama, ikabidi Mzee Darsono amvute kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Mwambie tu Tiurma," Mzee alisema akihema.

"Nitamwambiaje? Atajiona amedharauliwa. Mtu yuko mbali na kwao."

Basi akatumia mafumbo. Aliweka brashi juu ya ukingo wa birika, wima, kama sanamu. Tiurma akaiona, akairudisha stoo. Siku nyingine Mama Wuryani akamwambia Ratri kwa sauti, ili Tiurma asikie, "Mjukuu wangu, birika letu siku hizi linateleza kama mgongo wa kambare, eti?"

"Ndiyo, Bibi!" Ratri alifurahi. "Tutafuga kambare?"

Tiurma aliendelea kuanika nguo, akiimba wimbo wa kanisani kwao kwa sauti ya watu kumi.

"Baba," Mama Wuryani alimgeukia mumewe, "mwambie wewe."

"Mimi? Mwanamume mzima nizungumze na mke wa watu habari za bafu? Mumewe ana spana, yule!"

"Basi tufanye nini?"

Mzee Darsono aliwaza huku akimpigia njiwa mluzi. "Mwambie tunasafiri. Akae bila kuitwa, mwisho ataelewa. Hatumfukuzi. Tunasafiri tu."

"Na akipita akatuona tumekaa hapa kibarazani?"

"Tutakuwa tumerudi mapema."

Mama Wuryani hakucheka. Wazo hilo lilimwingia, likakataa kutoka. Kumwondoa mtu kwa uongo laini kulikuwa rahisi kuliko kumwambia neno moja la kweli.

Wakati huo mbu waliongezeka. Walikuwa weusi, miguu yao ina mistari myeupe, kama wamevaa soksi za shule. Waliuma mchana kweupe. Mzee Darsono aliapa kwamba mmoja alitua kwenye kikombe chake, akaonja kahawa, akatikisa kichwa na kwenda kutafuta yenye sukari.

Mzaha uliisha siku muuza tofu, ile jibini ya soya, wa nyumba ya tatu alipobebwa kupelekwa hospitali. Alikuwa na homa ya dengi, ile inayoletwa na mbu. Uchochoro mzima ukanong'ona. Mama Wuryani alimtazama Ratri akicheza na kata bafuni.

"Leo namwambia," alijisemea.

Tiurma alipomaliza kazi, Mama Wuryani alimfuata hadi langoni.

"Dada Tiurma..."

"Naam, Mama!"

"Kuna jambo..."

"Sema, Mama."

Mama Wuryani akafungua kinywa. "Chukua hivi vitamu, umpelekee mumeo."

Tiurma akaondoka na vitamu, amefurahi. Mama Wuryani akabaki ameshika lango. Angeweza kujichapa kibao.

Kesho yake Ratri aliamka mwili ukiwaka. Alishika kichwa, akasema macho yanamuuma kwa ndani. Mama Wuryani hakuvaa hata viatu sawasawa. Alikimbia kwa Mama Kasmiyati, jirani wa ng'ambo ya mfereji.

Mama Kasmiyati alikuwa mkaguzi wa kujitolea wa mtaa. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na tochi, akitafuta viluwiluwi vya mbu majini. Alimgusa Ratri shingoni.

"Twende kituo cha afya, dada Wur. Sasa hivi. Na usimpe dawa ya maumivu ya kuokota dukani. Nyingine huzidisha kutoka damu, ikiwa ni dengi."

Walimpima damu. Ilikuwa dengi. Muuguzi alitoa dawa ya kushusha homa na maelekezo: mtoto anywe maji na vinywaji kwa wingi, arudishwe kila siku kupimwa damu. Kisha akasema jambo lililomkosesha Mama Wuryani raha. "Homa ikishuka, msidhani imekwisha. Hapo ndipo mkae macho zaidi. Mkiona anatapika sana, tumbo linamuuma, fizi zinatoka damu, au amelegea, mleteni mbio."

Waliporudi, Mama Kasmiyati alisimama mlangoni na tochi yake. "Leo naomba kuingia bafuni."

Mama Wuryani akataka kusema, "Kwanza chai." Akaona macho ya mwenzake, akampisha.

Mwanga wa tochi ulizama birikani. Humo viluwiluwi walikuwa wakinengua, wengi, kichwa chini mkia juu, kama harusi ya watu wadogo.

"Jamani!" Mama Wuryani alishika mdomo. "Lakini maji tunaongeza kila siku! Yanaonekana safi!"

"Huyu mbu hupenda maji safi, yaliyotulia," Mama Kasmiyati alisema. "Na hatagi katikati. Hutaga ukutani, hapa juu kidogo ya maji." Akapitisha kidole kwenye utelezi. "Mayai hugandia hapa. Hata ukimwaga maji, mayai hubaki, yanaweza kukaa makavu miezi. Ukijaza tena, yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Lazima usugue kuta, kila wiki. Yai huchukua kama wiki moja na zaidi kidogo kuwa mbu anayeruka. Ukisugua kila wiki, unamkata njiani."

"Kila wiki..."

"Nani hulisugua hili?"

Mama Wuryani alisokota pindo la blauzi. "Nina mtu wa usafi. Halisugui. Nami sijamwambia. Naona haya, dada."

Mama Kasmiyati akaketi ukingoni mwa birika, akazima tochi. "Basi tuko wawili. Mimi nimekuja hapa mara ngapi kukagua? Kila mara unaniambia, 'Kwetu salama, karibu chai.' Nakunywa chai, naona haya kusema nataka kuona bafu lako. Natoka tumbo limejaa na tochi haijawashwa."

"Darsono anasema nimwambie tunasafiri. Asije tena."

"Ataenda nyumba nyingine bila kujua lolote, na watoto wamo. Mwambie kazi, dada. Kumwambia mtu kazi yake si kumtukana."

Asubuhi Tiurma alikuja, ndoo mkononi. Mama Wuryani alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Ratri tangu alfajiri, akigongagonga goti lake kwa vidole. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Kibarazani Mzee Darsono alijificha nyuma ya kizimba cha njiwa.

"Dada Tiurma." Sauti ilitoka nyembamba. "Birika la bafuni halisuguliwi. Lina viluwiluwi. Mtoto anaumwa dengi. Nataka... nataka ulimwage na kulisugua. Kila wiki."

Lilikuwa limetoka. Mama Wuryani akasubiri mbingu zianguke.

Tiurma aliweka ndoo chini kwa kishindo. "Lakini Mama! Wewe si ndiye uliyenikataza?"

"Mimi?"

"Siku ya kwanza! Ulisema, 'Usijisumbue nalo.' Mimi nikajua labda mmelitilia dawa, labda ni masharti ya nyumba. Kila siku naliona linateleza, mkono unaniwasha kulisugua. Hata brashi ilipokuwa pale nikasema, aha, Mama analisugua mwenyewe, hataki ya kwake iguswe!"

Mama Wuryani aliyakumbuka maneno yake yote, moja baada ya jingine. Uso ukamwaka moto.

"Dada, lile lilikuwa neno la heshima. Wewe ulitakiwa kukataa."

"Kukataa nini?"

"Kukataa kutojisumbua."

Tiurma alimtazama kama mtu anayetazama samaki juu ya mti. "Kwetu, Mama, ukimwambia mtu asile, hali. Anakwenda kula kwao!" Kisha akamwona Ratri kitandani, midomo imekauka. Sauti yake ikashuka. "Maskini mtoto. Mama, ungeniambia tu."

"Ningekuambia," alisema Mama Wuryani, machozi yakimlenga. "Kosa ni langu."

"Na mimi ningeuliza. Iko wapi ile brashi?"

Alisugua birika hata vigae vikakumbuka rangi yao. Watu wa uchochoro walisema brashi iliingia ina nywele na ikatoka kipara. Kisha akapita nyumba nzima. Akamwaga maji ya vyungu vya maua. Akavuta friji, akakuta trei ya maji nyuma yake, na viluwiluwi wamo. Akatoka kibarazani.

"Mzee, na kikombe cha njiwa. Maji hayajabadilishwa, yana wapangaji."

"Yalibadilishwa..." Mzee Darsono alianza.

"Lini, Mzee?"

Mzee alikifungua kizimba kimyakimya.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Homa ya Ratri ilishuka, na Mama Wuryani hakuthubutu kufurahi. Alimpa maji, uji, maji ya dafu, kijiko baada ya kijiko. Alimtazama fizi. Alimuuliza tumbo mara nyingi hata mtoto akasema, "Bibi, tumbo limechoka kujibu." Kila siku walikwenda kupima damu. Mwisho muuguzi alitabasamu. Ratri aliomba vitamu vya kijani, akala hadi sukari ikamchuruzika kidevuni.

Mama Kasmiyati sasa akija kukagua, huanzia bafuni, chai baadaye. Muuza tofu amerudi na ndoo zake zina vifuniko. Mbu wenye soksi wamepungua. Mzee Darsono anadai wamehamia mtaa wa pili kwa lori, lakini huyo ni Mzee Darsono.

Juzi ilikuwa siku ya kusugua. Tiurma alilimaliza birika, akajipangusa jasho, akachukua kitambaa aende madirishani. Mama Wuryani alimwona alivyochoka, akasema kwa upole, "Ah, dada, usijisumbue na madirisha."

Tiurma alisimama, kitambaa kikidondosha maji. Akamgeukia, mkono kiunoni.

"Mama, hilo ni la heshima, au ni la kweli?"

Mama Wuryani alikohoa. Akapangusa mikono iliyokuwa mikavu. Akatazama madirisha, akatazama chini. Ratri naye alisimama na kata mkononi, akisubiri jibu.

"La heshima," alisema mwishowe. "Yasugue, dada. Lakini kwanza kaa unywe chai. Hilo ni la kweli."

"Sawa, Mama," alisema Tiurma, akaketi papo hapo. "Asante sana!"