Ng'ombe wa Luhaga na Hataza ya Evelina

Nisikilizeni vizuri, ndugu zangu wa Mwanza, maana jambo hili limo majumbani mwetu.

Asubuhi hiyo Evelina alikuwa karakanani kwake Mabatini, anakunywa chai, moyo umetulia. Mashine aliyoibuni, ya kukausha dagaa hata mvua ikinyesha, ilikuwa na hataza Tanzania, Kenya na Uganda. Bila ruhusa yake, hakuna aliyeweza kuiiga. Ila hataza hulipiwa ada kila mwaka, kila nchi na yake. Pesa alitoa yeye, kazi ya kulipa akamwachia mumewe, Luhaga. Kumwamini mume ni kosa jamani?

Akaingia Antoni, mfanyabiashara wa vifaa vya uvuvi.

"Mama Precious, hongera! Mashine zako zimejaa Uganda. Nazitengeneza mwenyewe."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya nini tena? Hataza ya Uganda imekufa. Hamkulipa, hata muda wa nyongeza umepita. Ya Kenya nayo inakata roho. Niuzie hiyo, angalau upate chochote."

Evelina akafunga karakana, akaenda moja kwa moja nyumbani Usagara. Luhaga alikuwa zizini, anawapapasa ng'ombe wapya.

"Baba Precious, ada uliipeleka wapi?"

Wala hakuona haya. "Si hawa hapa? Ng'ombe anazaa. Hataza ya Uganda inazaa nini? Ukoo mzima umenisifu."

Ndivyo tulivyo, msininunie. Mwanamume akijaza zizi tunampigia vigelegele, hatuulizi kalijaza kwa jasho la nani.

"Mkubalie Antoni," Luhaga akaendelea, "tuongeze wengine."

"Sikubali! Nilipokuwa nachomelea vyuma mpaka macho yanavimba, huo ukoo ulikuwa wapi? Ya Uganda umeshaniulia. Ya Kenya huniulii. Fungua zizi!"

Mama mkwe, Dorotea, akatoka mbio. "Weee! Mwanamke hauzi ng'ombe wa mji huu!"

Evelina akapiga goti. "Shikamoo mama. Leo utanisamehe, lakini hawa nimewanunua mimi."

Akainuka, akamsogeza Luhaga kwa bega, akafungua mwenyewe. Majirani walisimama kushangaa akiwaswaga ng'ombe kwenda mnadani, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Wiki hiyohiyo akalipa ada ya Kenya pamoja na faini yake.

Antoni alipompigia simu, alijibiwa: "Kenya siuzi. Ukipeleka hata mashine moja kule, tutaonana mahakamani."

Hakupeleka. Lakini Uganda haikurudi. Mpaka leo mashine ya Evelina inauzwa kule kwa jina la Antoni, na aliyeibuni hapati hata senti.

FUNZO

Kilichobuniwa kwa akili ni mali, hata kama hakina pembe wala mkia. Kisipolipiwa ada yake kinakufa, na kikifa hakifufuki. Wewe uliyebuni, fuatilia ada zako mwenyewe, usimwachie mume, kaka wala shemeji. Nasi wakwe na wanaukoo tuache kushangilia mali tusiyojua imetoka wapi. Huo nao ni wizi, na tunaufanya mchana kweupe.