Moto Ulioachwa Uwanja wa Juu

Wifi yangu alisahau sufuria juu, ndiyo akarudi kuifuata. Jua lilikuwa linazama. Nalisema hili mapema kwa sababu meneja anazunguka akiwaambia watu kwamba wifi alikwenda kuiba kuni. Mwongo mkubwa! Alifuata sufuria yake ya chai, basi.

Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye hifadhi ya msitu, mlimani. Yeye ni dada wa mume wangu. Alikuwa anapika chai uwanja wa juu, pale wageni wanapopumzika baada ya kupanda, wanatandika mikeka, wanachoma nyama, watoto wanakimbizana. Mimi nafagia. Nikiinama kuokota mfupa, yeye huyo:

"Wifi, huo nao haukubaki na kinyama? Kaka yangu atakula nini leo?"

"Ale maneno yako," namjibu. "Yanatosha ukoo mzima na majirani."

Ndivyo tulivyoishi.

Jioni, kabla ya kushuka, tulikuwa tunazima majiko ya mawe ya wageni. Unamwaga maji, unakoroga majivu, unamwaga tena, unaweka kiganja. Ukisikia joto hata kidogo, hushuki. Njiani kulikuwa na kibao. Miaka yote nilikipita kama mtu anavyopita ukuta. Mwaka huu nilipoanza darasa la watu wazima, nikasimama mbele yake nikakisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, mpaka jasho likanitoka. USIACHE MOTO NYUMA YAKO. UTAWAALIKA.

Nikamwuliza mlinzi wa lango, tunayemwita Kufuli, ni kina nani hao wanaoalikwa. Akatazama pembeni.

"Umejua kusoma, hongera. Kuuliza acha."

Halafu akaja meneja mpya. Kibao akaking'oa, eti kinatisha wageni. Na maji kwenye majiko akakataza. Wageni wa asubuhi wanataka kukuta moto, siyo matope, ndivyo alivyosema.

"Bosi," nikamwambia, "kule juu moto haulazwi."

Akacheka mbele za watu. "Mama, wewe shika ufagio."

Basi siku ile kundi kubwa liliondoka likaacha makaa mekundu, na sisi tukayaacha hivyohivyo. Tulipofika langoni wifi akakumbuka sufuria.

"Nisubiri hapahapa. Ukiondoka bila mimi nitakusema kwa kaka!"

Akapanda huku anacheka.

Nikangoja. Giza likaanza kuingia kwenye miti. Kufuli alikuwa anachezesha funguo zake.

"Hajarudi tu?"

"Bado."

"Majiko mmezima?"

Nikageuka kutazama njia ya juu.

"Nakuuliza, mmezima?"

"Meneja kakataza."

Funguo zikanyamaza. Kufuli akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Mfuate," akanong'ona. "Ukimkuta amekaa, mshike mkono umlete. Usimwachie. Na moto usiuguse. Ungezimwa mchana. Wakishaukalia ni wao."

"Twende wote."

"Mimi? Mimi nina mke."

"Na mimi nina mume!" nikamfokea, nikapanda peke yangu.

Njia ni ileile ninayoifagia kila siku, lakini ilikuwa kimya. Hakuna ndege. Hakuna chura. Nilipokaribia juu nikasikia harufu... ya moshi, na chini ya moshi harufu ya blanketi lililolowa likaoza.

Kisha sauti.

Kwa-kwa-kwa-kwa...

Meno. Meno ya watu wengi, yanagongana kwa baridi.

Nikachungulia. Tuliacha makaa, nikakuta moto wa kufika kiunoni. Wamekaa kuuzunguka, bega kwa bega, wamenipa migongo. Mmoja amevaa koti la zamani, limeota ukungu wa kijani. Mwingine hana viatu, na nyayo zake nyeusi, zimevimba kama gogo lililokaa mtoni. Hakuna anayeongea. Mikono yote iko mbele, inaota moto.

Na katikati yao, wifi yangu.

Nikasogea. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamshika bega.

"Wifi, twende nyumbani."

Hakugeuka. "Kaa... kuna baridi sana."

"Inuka, nimesema."

"Siwezi. Wanasema nafasi haiachwi wazi."

Wa pembeni yake akajivuta kidogo. Akapiga ardhi kwa kiganja, taratibu. Pa. Pa. Ananikaribisha.

Nikwambie ukweli, woga uliniisha hapo. Zikanipanda hasira. Hasira za meneja na kicheko chake, hasira za Kufuli na mke wake, hasira za hao waliokaa kwenye moto wetu kama wenye nyumba.

"Huyu ni wa kwetu!" nikapiga kelele.

Ndoo ya maji ilikuwa palepale inapokaa siku zote. Nikaiinua.

Nikamwaga yote.

Shhhhhhh...

Giza.

Wakalia. Siyo kilio cha mtu aliyepigwa. Kilio cha mtoto aliyevuliwa shuka usiku wa baridi. Halafu mikono. Mikono mingi ikanijia, shingoni, kifuani, kwapani, inatafuta joto. Nikapapasa huku naita, "Wifi! Wifi!"

"Niko hapa," sauti ikanong'ona.

Nikaukamata mkono. Nikauvuta. Tukakimbia, tukaanguka, tukainuka, sikuuachia mpaka langoni. Ulikuwa wa baridi mno. Nikajiambia ni baridi ya mlima.

Kufuli akamulika tochi. Sura ya wifi, gauni la wifi. Nikaanza kulia kwa furaha. Yeye hakushusha tochi.

"Moto uliuzima?"

"Niliuzima."

"Sasa gizani," akauliza polepole, "ulimshika nani?"

Nikaushika tena ule mkono, tukaenda nyumbani.

Mpaka leo yuko kwetu. Anakaa jikoni, kutwa kucha, magoti yanakaribia kuungua. Daktari hakuona ugonjwa. Mume wangu anasema dada yake alipata mshtuko, tumpe muda. Na mimi nikawa namchokoza, nione. Juzi nimemwambia, "We mvivu, umeolewa na hilo jiko?"

Akaniangalia kwa adabu.

"Samahani, mama," akasema.

Mama! Mimi, wifi yake!

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Alichosikia yeye ni kwamba nilimwaga maji. Akanikaripia, na kesho yake ndiyo ikaanza hiyo hadithi ya kuni.

Sasa jioni nabaki wa mwisho juu. Nachagua kuni kavu, nawasha jiko lilelile, nasimama mbali kwenye miti. Wanatoka mmojammoja, wanaketi. Yupo mmoja anayeegemea upande wa kushoto, maana nyonga yake ya kulia humsumbua tangu alipojifungua. Nimemkanda nyonga hiyo kwa mikono yangu. Mgongo ule naujua.

Nimemwita. Hageuki. Nikisogea, wa pembeni anapiga ardhi. Pa. Pa.

Meneja ananisifu mbele ya wenzangu. Mama kaelewa kazi, anasema, angalieni moto wake. Mimi kimya, maana nikifungua mdomo nitamng'ata.

Leo asubuhi nilimfuata ofisini, nikamwongelesha kwa upole ambao sijui niliutoa wapi. Nikamwomba jioni apande, aone kwa macho yake moto wake unavyopendeza. Amefurahi. Ameniuliza kama abebe kiti.

Nimemwambia asihangaike, bosi. Akitoka mtu, nafasi ipo.