Ripoti ya Miaka Yote

Walikutana kaunta, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, asubuhi ambayo mfumo wa mauzo ulikuwa umegoma na wateja wanadai risiti kwa makelele. Meneja wa mauzo, shati jeupe limelowa jasho, alikuwa akiomba radhi mpaka sauti imemkauka. Akaingia binti mwenye gauni la bluu na kompyuta begani.

"Wewe ndiye fundi? Nilitegemea mzee wa miwani."

"Nipishe nikae. Maneno baadaye."

Siku hiyo aliutengeneza mfumo, na meneja hakuwa na hali. Wakapendana haraka, kama watu waliochelewa.

Lakini mfumo ukaanza vituko. Leo unakimbia, kesho unasuasua, kutafuta bei ya msumari tu mteja anapiga miayo. Fundi alikagua seva, nyaya, kila kitu. Hakuona kasoro.

"Laazizi, mfumo umelala tena," meneja alikuwa akipiga simu. "Njoo."

"Mfumo, au umenikumbuka wewe?"

"Vyote viwili!"

Fundi alicheka, maskini. Kazini kwake alikuwa bado kwenye majaribio, na bosi wake alishamwambia duka hilo likilalamika tena, ajira asahau. Habari hiyo alimpelekea mpenzi wake, akalia kifuani pake mpaka shati likalowa. Meneja akamfuta machozi, akamwambia yatakwisha.

Safari iliyofuata fundi alifika bila kumwambia, akajifungia chumba cha seva, akakaa kuangalia nani anaomba nini kwenye mfumo. Mara mfumo ukazama. Ombi moja lilikuwa likivuta ripoti ya mauzo yote tangu duka lifunguliwe, mengine yote yamezuiwa nyuma yake. Simu ikaita.

"Kipenzi, mfumo umelala."

"Niko chumba cha seva. Naona jina lako hapa."

Meneja alikuja mbio, akasimama mlangoni, mikono haina pa kwenda.

"Ukishamaliza hapa wangekupeleka kwingine. Nilitaka tu uje."

"Ungesema njoo, ningekuja! Siku ile nalia, ulijua ni wewe?"

Meneja akainamisha macho sakafuni.

"Ulijua, ukanifuta machozi."

Iliuma kuliko tusi.

Meneja hakujitetea. Alimpigia bosi wa fundi palepale, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, akakiri kila kitu. Bosi alifoka, kisha akatulia, akasema binti aje kesho asaini mkataba wa ajira.

"Nisamehe," meneja alisema. "Nikuoe. Nilikuwa nimepanga kukwambia wiki hii."

Fundi alimwondolea ruhusa ya kufungua ripoti ile, akafunga kompyuta, akaitia begani. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira.

"Ungeniuliza jana ningekubali kabla hujamaliza," alisema. "Sasa kila utakaponibembeleza, nitajiuliza kwanza kama si wewe uliyeniliza."

Akampita mlangoni, na meneja hakuthubutu kumshika mkono.