Chumvi ya Kona ya Juu

Wewe ukifika kwenye kona usiyoona mbele, unapiga honi au hupigi? Usiniambie ulichofundishwa. Niambie unachofanya.

Shemeji alikuwa hapigi. Dereva mzuri, mdomo mzuri zaidi, ila Kona ya Juu aliipita kimya kama mwizi. Msimu wa ukungu kulungu hushuka kutoka vileleni, na wageni hupandishwa mlimani kuwatazama. Vipeperushi viliita hayo maajabu ya asili. Maajabu yenyewe yalikuwa chumvi ya mawe, ambayo kaka yake Shemeji aliimwaga kando ya lami kila asubuhi ili waje kuilamba. Honi ingewatimua wanyama. Basi wawili hao wakakubaliana isipigwe.

Kaka mtu alikuwa mume wa Darubini, mwongoza wageni, aliyepewa jina hilo kwa kumwona mnyama kabla mnyama hajajiona. Msimu uliopita mume huyo aliokotwa bondeni, chini ya kona, amekufa. Ameteleza, alisema Shemeji, akalia kumshinda mjane. Mtu aliyeijua kona ile kama kitanda chake angetelezaje? Lakini Shemeji ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto. Darubini akalimeza swali.

Siku yenyewe, msimu huu, ilianza vizuri. Jua, chai kwenye chupa, na nyuma mzee mmoja na mkewe wakigombania dirisha.

"Shem, leo utawaonyesha kulungu au ukungu?"

"Wewe endesha. Macho niachie mimi."

Karibu na kona ukungu ukashuka. Darubini akawa wa kwanza kuwaona, kama kawaida. Kulungu, kundi zima, juu ya chumvi mpya. Hakuna aliyelamba. Wote walimtazama dereva.

"Nani kamwaga?" Shemeji akanong'ona.

"Si wewe?"

"Tangu msiba sijaigusa."

Shemeji akakanyaga breki. Gari likaendelea. Akazima injini, akavuta breki ya mkono. Likaendelea, polepole, likipanda mlima. Milango ikagoma. Nyuma, bibi alimwita mumewe.

Mbele, mtu amechuchumaa. Amewapa mgongo. Anamwaga chumvi.

Darubini aliijua ile sweta. Aliifuma yeye.

"Piga honi. Shemeji, piga honi!"

Akabonyeza. Kimya. Akaipiga ngumi. Kimya.

Mtu hakugeuka.

Hakukuwa na kishindo. Gari lilisimama lenyewe. Kulungu hawapo, lami tupu. Ila kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya chumvi. Kidole kidogo kimeishia katikati, kama cha mume wa Darubini, kilichokatwa na panga utotoni.

Shemeji akaifuta kwa mkono wa shati. Haikufutika, ingawa ilikuwa kwa ndani. Akaifuta tena, na tena.



"Asubuhi ile nilikuwa peke yangu, nakwenda kuangalia kama wameshuka," Shemeji akasema, akiitazama ile alama. "Nilimwona, shem. Honi ilikuwa chini ya kidole changu. Nikasema, kulungu watakimbia."

Akaweka kidole juu ya honi.

"Nilipomtupa bondeni, alikuwa bado anapumua."