Hear, Listen na Wingu la Ubwari

Kila akitoka shuleni, Haruna alipita ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, akiwa na daftari la Kiingereza mkononi. Mkoba alikuwa nao, lakini daftari ndani ya mkoba nani angeliona? Alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani, na wenzake aliwaita vichwa vya muhogo.

Jumatatu, Mwalimu Patrice aliandika ubaoni maneno mawili, hear na listen, akauliza yanatofautianaje. Haruna hakungoja kuitwa. Alisema yote ni kazi ya masikio, na kwamba swali lenyewe ni la watoto wadogo. Adolphine, jirani yake wa dawati, alisema hilo si jibu.

"Kama hukuelewa, rudi darasa la kwanza," Haruna alimwambia.

Mwalimu hakumkemea. Alimwambia aende na swali hilo nyumbani, akalitafutie jibu.

Mchana ule ilikuwa zamu yake kulinda ndagala, samaki wadogo ambao mama yake alikuwa amewaanika mchangani. Ndio waliokuwa mboga ya harusi ya dada yake Jamila, Jumamosi. Haruna alikaa kando yao, akafungua daftari.

Mama Georgette, aliyeanika karibu naye, alitazama rasi ya Ubwari ng'ambo ya maji, akaanza kukusanya samaki wake.

"Haruna, wingu iko Ubwari. Kusanya samaki."

"Nimesikia, mama," alijibu bila kuinua macho. Moyoni alimcheka. Mtu asiyeweza kusoma hata jina lake, amfundishe yeye habari za mvua? Jua lilikuwa kali. Mama Georgette alirudia, naye akarudia kwamba amesikia.

Mvua ilipofika, Haruna alikimbilia beseni akiwa amechelewa. Aliokota matope yenye macho.

Nyumbani hakupigwa. Jamila alitazama beseni, akatazama daftari lililolowa.

"Basi pikia bageni ile Kingereza yako," alisema, akaingia ndani.

Siku tatu, kila mchana, Haruna alikunja nyavu na kuosha mitumbwi ya mzee Ramazani, aliyemlipa ndagala siku ya mwisho. Adolphine alipita na wenzake, wakamuuliza nyavu zinaitwaje Kiingereza. Alizidi kukunja. Ijumaa aliwaanika samaki wake wote palepale mchangani, safari hii bila daftari.

Alasiri, Mama Georgette alielekeza kidevu ziwani. "Iko inakuja," alisema kwa sauti ya chini.

Kabla mama huyo hajasimama, Haruna alikuwa amepiga magoti anakusanya. Mvua iliwakuta chini ya paa la mabati, beseni limejaa, samaki wakavu.

"Jumatatu ulisikia," Mama Georgette alimwambia. "Kusikia, hata mbuzi iko inasikia. Leo umesikiliza. Ulimupa muntu roho yako, mikono ikafuata."

Haruna aliinamisha kichwa. Lile ndilo jibu alilotumwa kulitafuta nyumbani.

Wageni walikula wakashiba. Jumatatu iliyofuata Haruna aliinua mkono, akangoja kuitwa, akaeleza vizuri kwamba hear ni kusikia tu, listen ni kusikiliza. Mwalimu alimuuliza amelipata wapi jibu hilo, katika kitabu gani.

"Kwa Mama Georgette," alisema. "Wa pale ndagala zinapoanikwa."

Darasa likacheka. Mwalimu Patrice hakucheka.

"Anayedharau anayemfundisha," alisema, "atabaki na masikio tu."