Santuri za Mjomba

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la redio kilinuka jasho na waya zilizoungua. Juu ya boksi, Fundi wa redio alichora nyumba ya mjomba wake, mlango kwa mlango. Mjomba ndiye aliyemlea, akamtia ufundi mkononi.

"Juzi santuri zake zilikuwa takataka," alisema Kipara, mkubwa wao. "Leo matajiri wanazigombania. Mzee je?"

"Leo Jumamosi, yuko kliniki. Lakini akiwepo, haguswi."

"Nani ana haja na kikongwe?"

Dereva wao alicheka. Fundi aliendelea kuchora.

Saa 5:40.

Waliingia na soksi usoni. Dereva alibaki nje, gari likinguruma. Kipara alichomoa santuri kwenye majalada, akazibandika vidole vyenye grisi, akazitupia guniani kama viazi. Moja ikapasuka. Akatema mate sakafuni, akaendelea.

Mikono ya Fundi ikamtangulia: akaichukua santuri moja kwa viganja viwili, akiishika ukingoni tu, akaipuliza vumbi, akairudisha taratibu kwenye jalada lake.

"Hivyo ndivyo nilivyokufundisha," ilisema sauti mlangoni.

Mjomba hakwenda kliniki. Alisimama na mkongojo wake, akimwangalia yeye peke yake.

Kipara akamtupia Fundi nondo waliyovunjia mlango. "Kakujua. Mmalize."

"Tulikubaliana haguswi."

"Umejifichua mwenyewe kwa mikono yako ya kudeka. Humwezi, namweza mimi."

Saa 5:46.

Nondo ilitua kwenye goti la Kipara. Fundi akamkalia kifuani, akapiga ukelele wa "Mwizi!", yeye mwizi mwenyewe. Dereva alipousikia hakuuliza nani kafa nani kapona. Alitia gia, akatokomea. Majirani wakajaa.

Saa 6:30.

Askari alimvua Fundi soksi, akamfunga pingu. "Mzee, huyu anasema ni mpwa wako. Anasema kakuokoa."

Mjomba alikuwa akipangusa santuri kwa kitambaa. Alimtazama Fundi juu hadi chini, kama mtu aliyekanyaga kinyesi mlangoni pake.

"Kuniokoa, kaniokoa," alisema. "Lakini mimi sina mpwa."

"Mjomba," Fundi aliita.

"Mtoeni. Nataka kudeki."